Leza ya mishipa ya miguu: nimeambiwa elfu sita kwa kikao, nilipe ama nikimbie?

MamaShiru_Umoja

Habari zenu. Mimi ni msusi hapa Umoja. Nasimama kuanzia saa mbili asubuhi mpaka mteja wa mwisho aondoke, na Desemba mteja wa mwisho huondoka saa nne usiku. Nina miaka 41 na watoto watatu.

Mguu wangu wa kulia una mambo mawili. Pembeni ya paja na nyuma ya goti kuna vimishipa vyekundu na vya zambarau, vimetawanyika kama utando wa buibui. Hivyo haviumi, ni aibu tu. Sijavaa sketi ya magotini tangu kitindamimba azaliwe. Halafu upande wa ndani, kutoka gotini kushuka, kuna mshipa mnene umejikunjakunja chini ya ngozi kama mnyoo. Huo ndio unaonitesa. Ikifika jioni mguu ni mzito utadhani nimefungiwa mtungi wa gesi, na usiku kigimbi kinakaza hadi naruka kitandani. Siku hizi hata ngozi juu ya kifundo, upande wa ndani, imekuwa nyeusi na inawasha.

Wiki jana nilipita kwa watu wa urembo huko mjini. Dada mmoja mwenye koti jeupe aliutazama mguu nikiwa nimekaa, labda nusu dakika, akasema leza itamaliza kila kitu: vikao sita, elfu sita kila kimoja. Chama kinanifikia mwezi ujao kwa hivyo pesa zipo, na hapo ndipo shetani hupata kiti. Nikamuuliza, hata huu mshipa mkubwa? Akanijibu, "Mama, leza ni leza."

Hayo maneno yamenikosesha usingizi kuliko kigimbi. Kuna mtu hapa amefanyiwa? Na mshipa ukichomwa, damu itapita wapi?

Mwalimu_Kasarani

Pole sana Mama Shiru. Nimeandika ubaoni miaka 27, kwa hivyo huo mtungi wa gesi naujua. Mimi nilifanyiwa mguu wa kushoto mwaka jana. Nikueleze nilivyoona mwenyewe, halafu wenye ujuzi wanisahihishe.

Leza si leza. Kuna ile ya juu ya ngozi: mashine inamulika kutoka nje, mwanga unapenya na kuchoma vimishipa vyembamba kama uzi. Na kuna ya ndani ya mshipa. Hiyo ya pili ndiyo niliyofanyiwa, na hakuna mtu wa urembo anayeweza kuifanya kwenye kiti cha saluni. Ile ya juu haiwezi kuua mshipa mnene kama wako. Utalipa thelathini na sita elfu na mnyoo utabaki pale pale unakucheka.

Kwanza nilipigwa picha ya dopla, yaani ultrasaundi inayoonyesha damu inavyotembea ndani ya mshipa, nikiwa nimesimama. Nasisitiza nimesimama, kwa sababu ukilala damu haishuki na tatizo linajificha. Mtaalamu akanibana kigimbi akaachilia, na kwenye kioo nikaona damu inapanda kisha inarudi chini. Alinieleza kwamba ndani ya mshipa kuna vali, kama vimilango vinavyofunguka upande mmoja tu. Vyangu vilikuwa vimelegea tangu kinenani, kwenye mshipa unaoitwa safena kubwa, ule unaotoka kifundoni kwa ndani hadi kwenye kinena. Mnyoo ninaouona gotini ulikuwa tawi tu. Bomba lililopasuka liko juu.

Siku yenyewe sikulazwa. Nilichomwa sindano ya ganzi karibu na goti, wakaingiza waya mwembamba ndani ya mshipa, wakausukuma hadi karibu na kinena huku wakiufuata kwenye kioo. Halafu wakaanza kujaza maji ya ganzi kuuzunguka mshipa wote. Sehemu hii ndiyo mbaya, msikubali kudanganywa. Ni sindano moja baada ya nyingine, paja zima. Lakini yale maji yana kazi tatu: yanaua maumivu, yanaubana mshipa uushike waya, na yanazuia joto lisifike kwenye ngozi na neva. Baada ya hapo waya ukavutwa polepole huku unachoma. Sikusikia uchungu, nilisikia tu harufu kidogo, kama ya nywele zikikaribia pasi, wewe msusi utaijua. Mshipa unafungwa, kisha mwili wenyewe unaumeza miezi inayofuata.

Nilivalishwa soksi ya kubana, nikaambiwa nitembee papo hapo. Nikatembea koridoni kama bibi harusi. Nyumbani niliambiwa nitembee kila siku, nisikae kitako na nisisimame mahali pamoja kwa muda mrefu. Paja lilikuwa na michubuko ya bluu na njano, na wiki ya pili nilihisi kama kamba imevutwa ndani ya paja. Ilinitisha, kumbe ni kawaida. Kuna kipande cha ngozi chini ya goti kilichokuwa na ganzi miezi kadhaa. Sasa kimerudi karibu chote.

Daktari alinipa pia njia ya mawimbi ya redio badala ya leza, waya tofauti lakini kazi ni ile ile ya joto. Nilichagua leza kwa sababu ndiyo iliyokuwapo siku hiyo, sina sababu ya kisomi.

Kuhusu damu, usihofu. Damu nyingi ya mguu hupita kwenye mishipa ya ndani kabisa, katikati ya misuli. Huo wa juu ukifungwa, damu inahamia kwa iliyo mizima. Ulivyo sasa haukusaidii, unarudisha damu chini tu.

Mzee_wa_Kariobangi

Siki ya tufaha jioni, halafu miguu ukutani dakika kumi na tano. Mama yangu alipona.

MamaShiru_Umoja

Mzee, miguu ukutani nimejaribu na kweli inapunguza uzito. Siki nimepaka mwezi mzima. Mshipa uko vile vile na wateja wakaanza kuuliza kama napika kachumbari.

Kijana_wa_Dopla

Ninafanya kazi ya ultrasaundi, mengi ni ya mishipa. Mwalimu ameeleza vizuri hadi nimeona haya. Naongeza mawili, na moja ni la kukuogopesha kidogo.

Mama Shiru, tuanze na ngozi yako. Leza ya juu inafanya kazi kwa sababu rangi ya damu inanyonya mwanga na kupata joto. Shida ni kwamba rangi ya ngozi yetu nayo inanyonya mwanga. Mashine zinazotumia mwanga wa mawimbi mafupi, kama nanomita 532 au 595 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), zinafanya kazi nzuri kwa Mzungu mweupe, lakini kwetu joto linaishia kwenye ngozi. Unatoka na malengelenge, na baadaye madoa meusi au meupe ambayo yanaweza kukaa kuliko vile vimishipa vyenyewe. Kwa ngozi nyeusi inayopendekezwa ni aina ya leza inayoitwa Nd:YAG, ya nanomita 1064, ambayo inapenya chini zaidi na rangi ya ngozi hainyonyi sana, tena na mtu anayejua kupunguza nguvu na kupoza ngozi. Kwa hivyo swali la kumuuliza dada mwenye koti jeupe ni hili: mashine yako ni ya nanomita ngapi? Akikujibu "ni ya kisasa", chukua mkoba wako.

Na hata hivyo, kwa vimishipa vya buibui vya miguuni, madaktari wengi huanza na sindano. Dawa kama polidocanol inadungwa ndani ya kimishipa, kuta zake zinashikana, kinapotea polepole kwa wiki kadhaa. Inaweza kuhitaji vikao kadhaa na inaweza kuacha alama za kahawia kwa muda. Leza huja kwa vile vyembamba mno visivyoingia sindano, au kwa mtu mwenye mzio wa dawa. Kwa mshipa mkubwa, mwongozo wa mwaka 2013 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unatanguliza joto la ndani, leza au redio, kisha sindano ya povu, na upasuaji wa kung'oa mshipa unakuja mwisho.

Sasa la kuogopesha. Ngozi nyeusi inayowasha juu ya kifundo kwa ndani si uchafu wala mzio wa soksi. Ni damu iliyokwama inavujia kwenye ngozi. Hapo ndipo vidonda visivyopona huanzia, nimeviona kwa akina mama wa sokoni waliongoja miaka. Kwako hili si la urembo tena. Usikune, paka mafuta ya kawaida ngozi isikauke, na nenda upigwe picha kabla ya chama.

Soksi za kubana usinunue tu barabarani. Kama mishipa inayoleta damu mguuni imeziba, hasa kwa mwenye kisukari au mvutaji sigara, soksi kali inaweza kuharibu mguu. Wapime kwanza. Na wakati wowote mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, au pumzi ikakukata, usiandike hapa. Nenda hospitali hiyo hiyo saa.

Njeri_Hesabu

Nyongeza ndogo kutoka kwa mtu wa bima. Kabla ya kulipa, mwombe daktari aandike dalili zote: uzito, kukaza, ngozi iliyobadilika, pamoja na majibu ya dopla. Bima nyingi hukataa kitu kikiandikwa kama urembo. Uliza kwa maandishi kabla, si baada.

MamaShiru_Umoja (siku kumi baadaye)

Nimerudi. Nilipigwa dopla nikisimama kwenye kastuli, nikishika ukuta kama ninayejifunza kutembea. Safena kubwa inavuja kutoka kinenani hadi chini ya goti. Kama Mwalimu tu. Mishipa ya ndani iko sawa na hakuna damu iliyoganda. Daktari alipoona kifundo akasema nimekuja kabla ya kidonda, lakini si mapema sana.

Amependekeza leza ya ndani kwanza, matawi yatolewe siku hiyo hiyo kupitia vitundu vidogo, halafu vimishipa vya buibui vingoje. Kwamba baadhi vitafifia chanzo kikifungwa, na vitakavyobaki tutavidunga. Nikamuuliza juu ya leza ya juu ya ngozi. Akatazama mkono wangu, akatazama wake, akacheka: "Ikibidi, ya 1064. Lakini sio kwanza."

Chama hakitoshi peke yake, nimeongea na wenzangu wanipe zamu ya Januari pia. Bima wameomba barua, nimewapelekea.

Yule dada wa mjini nilimpigia nikamuuliza nanomita. Simu ikakatika. Labda ni mtandao.

Mpaka siku ifike nimenunua kiti chenye magurudumu, wateja wa rasta wanakalia kigoda cha chini na mimi nasuka nikiwa nimekaa. Kila mteja mmoja akiisha nazunguka jengo mara mbili. Mama wa viazi hapo nje anadhani namtafuta mtu.

Mwalimu_Kasarani

Siku ya sindano za paja, beba mtu wa kukupigia hadithi. Mimi nilibeba redio.