Mjadala: Sh110,000 Kililana au Sh46,000 nyumbani Malindi, wewe ungefanyaje?

MhasibuWaMaweni: Assalaam alaykum wakuu. Mimi ni mhasibu wa hoteli hapa Malindi, huu mwaka wa saba. Nalipwa Sh46,000, na kila Aprili hadi Juni wageni wakikauka tunaambiwa tukae nyumbani kwa nusu mshahara. Sasa mkandarasi mmoja upande wa bandari ya Lamu kule Kililana ameniita. Sh110,000, chumba cha kontena kambini, chakula juu yao, nyumbani siku saba kila baada ya wiki sita. Nina mke, mtoto wa darasa la pili, na mama ambaye kila mwezi lazima apelekwe kliniki ya sukari. Nipeni mawazo, si mahubiri. Wanataka jibu Jumatatu.

TuktukNambaTatu: Sasa hapo unauliza nini? Nenda! Kuna wenzio wako Saudia hata nusu ya hiyo hawaioni. Miaka miwili tu, pua itazoea harufu ya punda, unarudi unajenga.

BintiLangoni: Ngoja kwanza. Punda wameingiaje hapa? Mtu kauliza mshahara, wewe watukana mui wa watu, mji wetu wa Lamu. Kililana ni bara, wala si kisiwani. Na punda wetu hapigi honi saa kumi za usiku kama hiyo tuktuk yako.

TuktukNambaTatu: Dada, nilikuwa natania. Lakini siku niliyoshuka Lamu nilikanyaga mara tatu kabla sijafika Mkunguni, pale uwanja wa mbele ya ngome. Na viatu vyangu vilikuwa vyeupe.

BintiLangoni: Viatu vyeupe Usita wa Mui, njia yetu kuu ya mjini! Ungevaa na suti basi.

MzeeWaNgalawa: Vijana wa Malindi mna kiburi cha bure. Lamu imo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1999. Nyinyi mna nini? Nguzo ya Mreno Vasco da Gama.

SomaKwanza: Ni 2001, mzee.

MzeeWaNgalawa: 2001, haya. Nguzo bado ni ya Mreno. Na bahari yenu ina rangi ya chai ya maziwa.

TuktukNambaTatu: Ule ni udongo wa bara, mzee, unaletwa na mto Sabaki. Uchafu si wetu.

MzeeWaNgalawa: Chai ni chai.

HesabuHaidanganyi: Tumrudie mwenye swali. Ndugu, usiitazame Sh110,000 kama ilivyo. SHIF ya bima ya afya ni asilimia 2.75, makato ya nyumba 1.5, NSSF ya uzeeni nayo, halafu PAYE, kodi ya mshahara, inakula asilimia 30 ya kila kinachozidi Sh32,333. Mkononi utabaki na Sh77,000 au 78,000 hivi. Hiyo Sh46,000 yako nayo inabaki 36,000 na kitu. Kwa hiyo unachokwenda kukifuata ni kama Sh41,000. Hiyo Sh64,000 unayoiota haipo.

MhasibuWaMaweni: Kaka, nimeandika kwamba mimi ni mhasibu. Makato hayo nimewafanyia watu miaka saba. Nani kakwambia naota?

HesabuHaidanganyi: Sasa kama wajua, wauliza nini?

MhasibuWaMaweni: Nauliza ambacho hakimo kwenye hesabu.

MtumishiMwema: Si kuna marupurupu ya mazingira magumu? Lamu imo kwenye orodha. Waambie wakuongezee.

SomaKwanza: Hayo ni ya watumishi wa serikali, walimu na kadhalika. Mkandarasi hana habari nayo.

BintiLangoni: Na hilo neno nalo! Mazingira magumu kwa nani? Mzungu analipa alale Shela yetu kule Lamu, mtumishi wa serikali analipwa ndipo akubali kulala Shela. Mchanga ni ule ule, maji yanatoka visima vile vile vya kwenye matuta ya mchanga. Sisi tuliozaliwa pale nani atatulipa ugumu wetu?

TuktukNambaTatu: Hapo umenimaliza, dada. Lakini Shela ipo na Malindi pia.

BintiLangoni: Mmeiba hata jina.

NilirudiMwaka2019: Naona mnacheka. Mimi nilifanya kazi bara ya Lamu miaka mitatu, mradi mwingine, kampuni siitaji. Nami niliahidiwa chakula juu yao. Chakula kilikuwa maharage na kabichi, Jumapili maharage na kabichi na ndizi. Mwezi wa pili nikanunua jiko la gesi, mtungi mdogo, sufuria moja, na kila Ijumaa namtuma dereva Mokowe, pale boti za Lamu zinapofikia bara, aniletee samaki. Huku nyumbani mke naye anapika. Yaani mshahara mmoja, majiko mawili. Ongeza vocha, maana kila jambo la nyumbani laamuliwa kwa simu. Paa likivuja ni simu, na mtoto akivimba shavu ni simu vilevile. Zile siku za mapumziko nazo, siku ya kwanza inaishia barabarani, na ya mwisho pia. Basi likifika kizuizini wote mnashuka na vitambulisho mkononi, mnapanda, mnasubiri eskoti ya polisi. Kwa hiyo saba hesabu tano. Niliporudi kabisa nilikuwa na akiba, sikatai. Ilitosha msingi na kuta mpaka kwenye linta. Mpaka leo iko kwenye linta.

MhasibuWaMaweni: Shukrani, kaka. Hili la siku tano sikulifikiria.

MtumishiMwema: Na usalama hamjausema. Yale mashambulizi ya Mpeketoni 2014 mmeyasahau?

BintiLangoni: Hatujasahau, na usituambie wewe. Waliuawa watu zaidi ya 60. Kisha kafyu ikawekwa kaunti nzima, na mvuvi wa nyavu za jarife kazi yake ni usiku. Ami yangu alikaa barazani miezi akishona nyavu ambazo hazikwenda maji. Nyinyi mkisikia Lamu mwajua mambo mawili tu, punda na mabomu. Sisi twaishi pale.

MtumishiMwema: Sikutaja bomu mimi.

BintiLangoni: Ulikuwa njiani.

SomaKwanza: Tupoe jamani. Barabara siku hizi ni lami kutoka Garsen hadi huko, si kama zamani. Lakini aulize kambini kuna ulinzi gani, na nani anagharimia usafiri. Aone kwenye barua, asikubali ya mdomo.

MamaKaimati: Nimesoma yote kuanzia juu. Mmebishana punda, mmebishana chai, mmebishana Vasco. Hakuna aliyemuuliza huyu baba swali la maana. Mwanangu, mke wako anasemaje?

TuktukNambaTatu: Mama, mke hatasema aende. Nani anataka mume wa wiki sita?

MamaKaimati: Sikukuuliza wewe.

MhasibuWaMaweni: Mama, nitasema ukweli. Mke wangu ndiye anayetaka niende. Kashapanga mpaka ada ya shule, na yeye ndiye aliyesema atampeleka mama kliniki. Asiyetaka ni mimi.

HesabuHaidanganyi: Kumbe! Sasa mbona tangu jana twahesabu?

TuktukNambaTatu: Ndugu, hapo tatizo si mshahara. Mke anayekusukuma mlangoni, wewe chunguza jikoni.

MhasibuWaMaweni: Chunga mdomo wako. Mke wangu anaamka saa tisa kukanda mahamri ya kuuza mpaka vidole vinapasuka. Huyo ndiye unayemsema? Anataka apumzike. Na mimi nikimwambia sitaki, nitampa sababu gani? Kwamba jioni nikitoka kazini napenda kukaa gatini nusu saa nikitazama madau yakiingia? Hiyo ni sababu ya kumwambia mtu mwenye vidole vile?

TuktukNambaTatu: Samahani, kaka. Nimekosa.

MamaKaimati: Ni sababu. Mwambie hivyo hivyo ulivyotuandikia, na la vidole ulitie.

NilirudiMwaka2019: Madau yapo Mokowe pia, japo kambini huyaoni.

MzeeWaNgalawa: Dau la Lamu na dau la Malindi ni vitu viwili. La kwetu omo yake, pale mbele...

SomaKwanza: Mzee, tafadhali.

MzeeWaNgalawa: Nilikuwa naeleza tu.

HesabuHaidanganyi: Mimi nabaki palepale. Sh41,000 kwa mwezi, miezi 24, ni Sh984,000. Toa jiko la pili, toa vocha, toa nauli. Hata ukibaki na nusu, si haba. Na ile miezi ya nusu mshahara hotelini hamjaihesabu.

MhasibuWaMaweni: Nimeihesabu. Swali moja la mwisho. Mtu akitaka kwenda kupaona kabla ya Jumatatu, mabasi ya Mokowe yanapita Malindi saa ngapi?

SomaKwanza: Yanatoka Mombasa mapema, kwako yanapita asubuhi. Kata tiketi leo, Ijumaa yanajaa.

BintiLangoni: Ukimaliza huko Kililana, usirudi bila kuvuka. Pale Mokowe panda boti ya abiria, wasikutie kwenye boti ya kukodi. Na uvae ndara.

TuktukNambaTatu: Kwa hiyo anaenda?

SomaKwanza: Soma vizuri. Kauliza basi.