Kutofautisha kuvumwani, vigoga na uyoga msitu wa Magamba

Mpenda_Misitu: Habari wadau. Njia za Magamba, Usambara Magharibi, zina ndevu za kijivu-kijani zinazoning'inia matawini, zulia laini la kijani kwenye magogo, na magamba yaliyogandia mawe. Nitajuaje kipi ni kuvumwani na kipi ni kigoga bila maabara? Na uyoga mweupe wa kofia pana unatambulika kwa rangi?

Lenzi10: Beba chupa ya kunyunyizia maji na lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Lenzi iwe karibu kabisa na jicho, kisha usogeze kitu hadi sentimita 2.5 hivi. Wanaoishika mbali huona ukungu tu.

Kigoga ni mmea: kina kishina, vijani na vibuyu vya spora (chembe za uzazi) juu ya vijiti vyembamba. Kuvumwani haina kishina wala jani. Ni kuvu inayoishi na mwani au sianobakteria (bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga) ndani yake. Inyunyizie. Ngozi yake ikilowa hupitisha mwanga, na kijivu kinageuka kijani cha mwani. Ikiwa nyeusi-nyeusi, mwenzake huenda ni sianobakteria.

Kwa ndevu, okota uzi ulioanguka, uloweshe, uvute taratibu. Ganda likipasuka na kubaki kiini cheupe kinachonyumbuka kama mpira, hiyo ni Usnea, aina ya kuvumwani. Ukiwa mkavu hukatika wote, kipimo kinaharibika.

Mkuu wa Magogo: Naongezea: si kila zulia la kijani ni kigoga. Vijani vikiwa safu mbili bapa, bila mshipa katikati, mara nyingi huo ni mmea wa kundi jirani (liverwort kwa Kiingereza). Geuza kishina uangalie upande wa chini. Mingi yake ina safu ya tatu ya vijani vidogo sana. Juu juu huioni kabisa.

Shambani: Kuhusu uyoga, tafadhali rangi ya kofia isikuamulie. Uchimbe mzima kwa kisu. Ukiukata juu ya udongo unaacha ushahidi: kikombe kilicho chini ya shina la Amanita, kundi la uyoga ambao baadhi yake unaua, au mzizi mrefu wa uyoga wa mchwa unaoshuka hadi kwenye kiota.

Kisha kata shina, laza kofia juu ya karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, funika kwa bakuli saa 4 hadi usiku mzima. Spora zitadondoka kama unga. Unga wa kijani-kijani ni dalili ya Chlorophyllum molybdites, uyoga wenye sumu, ambao wengi huuchanganya na uyoga wa kuliwa. Uyoga wa mchwa hutoa waridi, lakini hata uyoga wenye sumu hutoa waridi pia, kwa hiyo unga peke yake si ruhusa ya kula. Unga usipotoka, kofia ni changa mno au imekauka.

Fanya hivyo kwa uyoga wa mashambani. Magamba ni hifadhi ya msitu asilia chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania). Humo piga picha juu, chini na ubavuni, uandike umeota kwenye nini. Sampuli zenye kibali ziwekwe kwenye bahasha za karatasi, maana kwenye mfuko wa plastiki hutoa jasho na kuota ukungu.