Kukodi boti ziwa la mjini: boti gani, saa ngapi?

Muuliza: Wakuu, Jumamosi nawapeleka wangu ziwani, tukodi boti kwa saa moja. Tupo watano: mimi, mke wangu, mapacha wa miaka 6, na mama ambaye goti halimruhusu kukanyaga pedali. Hakuna aliyewahi kushika kasia.

Jibu 1: Nendeni asubuhi, mchana upepo mara nyingi huamka. Mimi niliwahi kuanza kwa kusukumwa nao, raha tupu, nikajiona nahodha. Kurudi sasa! Dakika 10 za kwenda zikawa 40 za kurudi, malengelenge viganjani, na muda wa kukodi umeshapita. Siku hizi naanza kwa kuukabili upepo, narudi nikibebwa.

Jibu 2: Watano boti moja? Uliza kwanza inabeba wangapi. Mtoto naye ni mtu. Bora mbili. Mama aingie boti ikiwa imeshikwa gatini, akanyage katikati, si ukingoni. Mapacha wavae jaketi okozi za saizi yao: shika mabega ya jaketi uvute juu, likipanda hadi masikioni ni kubwa.

Muuliza: Na tukipinduka?

Jibu 1: Ng'ang'anieni boti, msikimbilie kuogelea ufukweni. Hata ikijaa maji kwa kawaida huelea, na huonekana kuliko kichwa cha mtu. Halafu, mpiga makasia huketi ameipa mgongo njia. Mkalishe mama tezini, yaani nyuma ya boti, akuelekeze. Mama yangu aliipenda kazi hiyo kupita kiasi, alinifokea ziwa zima.