Dume wa mwendo laini kwa majike wa mbio: watoto watarithi?

MamaTatu_Njoro
Habari zenu wafugaji. Tuko juu ya Njoro, barabara ya kwenda Mau Narok: ng'ombe wa maziwa, viazi, na farasi jike wawili Thoroughbred waliostaafu mbio za Ngong. Farasi ni wa baba. Ana miaka 71 na amekagua shamba akiwa juu ya tandiko tangu nikiwa mdogo. Sasa mgongo umekataa. Farasi akitembea, mzee yuko sawa. Akianza tu mwendo wa matiti, yaani kukimbia kwa kurukaruka, maumivu yanampanda hadi shingoni. Pikipiki hataki hata kuisikia.

Kuna mtu upande wa Gilgil ana dume wa damu ya Saddlebred, aina ya farasi wa kupanda ya Kimarekani, aliletwa kutoka Afrika Kusini. Nilimpanda. Anakwenda telki ya haraka, ule mwendo laini wa hatua za zamu, na hakurushi kabisa. Bei ya kupandisha tumeelewana. Naomba kujua: watoto watakaozaliwa na majike hawa watachukua mwendo huo? Na nitawaleaje wawe wapole? Nyumbani kuna watoto watatu, mdogo ana miaka minne, na wote wanashinda zizini.

Kip_Molo
Pandisha dada, damu ya dume ina nguvu. Mtoto akikosa mwendo atafundishwa. Marekani wanawavalisha viatu vizito na minyororo miguuni hadi wanyanyue miguu.

Saisi_Gilgil
Kip ndugu yangu, hapo pa minyororo nakukatalia kabisa. Kuna farasi wa Tennessee waliokuwa wakipakwa dawa kali juu ya kwato, ngozi inaungua, kisha mnyororo unagonga palepale ili anyanyue mguu kwa uchungu. Marekani wenyewe walitunga sheria ya kuzuia unyama huo mwaka 1970. Tennessee mwenye mwendo wake hahitaji hayo. Kila mguu unatua kwa zamu yake, mapigo manne, wa nyuma unavuka alama ya wa mbele, na kichwa kinaitikia kila hatua. Wakati wote kuna mguu ulio chini, ndiyo maana mpandaji harushwi. Matiti ni miguu miwili miwili ya mshazari, na kati ya jozi moja na nyingine mnyama mzima yuko hewani. Akitua, anatua kwenye mgongo wa mzee.

Sasa mama, swali lako. Mwaka 2012 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Sweden walichapisha habari ya jeni iitwayo DMRT3. Hufanya kazi ndani ya uti wa mgongo, kwenye neva zinazopanga zamu za miguu. Badiliko dogo katika jeni hiyo ndilo linalowawezesha farasi wengi wa Iceland, Paso Fino na Tennessee kwenda telki. Kila farasi ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Thoroughbred wako usitegemee wawe na badiliko hilo. Kwa hiyo hata dume akiwa nalo mara mbili, kila mtoto utakayempata atabeba nakala moja tu. Wa namna hiyo wengine huonyesha mwendo kiasi, lakini hakuna wa kukuahidi. Binti yake ukija kumpandisha kwa dume mwingine mwenye nakala mbili (asiwe baba yake!), hapo kila mimba ni nusu kwa nusu kupata mtoto mwenye nakala mbili.

Tena Saddlebred wenyewe wamechanganyika, wengine wanalo na wengine hawana. Kabla hujatoa hata shilingi, mwenye dume ang'oe nywele za singa zikiwa na mizizi, zipelekwe kwenye maabara za nje zinazopima jeni hiyo.

Hesabu na miaka pia. Mimba ni miezi 11. Mtoto usimkalie kabla ya miaka mitatu, na mimi nasubiri minne kwa sababu mifupa ya mgongo huchelewa kukomaa. Mzee atakuwa na 76! Mtafutieni sasa farasi mtu mzima, aliyehasiwa, ambaye telki anayo tayari. Hawa wa kuzaliwa wawe wa wajukuu.

Upole ndio ulio mikononi mwako, na unaanza kwa mama. Kuna watafiti wa Ufaransa waliokuwa wakimpiga brashi jike taratibu na kumlisha kwa mkono katika siku tano za kwanza baada ya kuzaa. Mtoto hawakumgusa, aliangalia tu. Watoto hao walimkaribia binadamu kwa urahisi kuliko wenzao, na haikuwa kwa siku hizo tu. Nilipoyasoma nilifurahi, kwa sababu ndivyo wazee walionifundisha usaisi walivyotaka: kaa na mama, mtoto atakuja mwenyewe. Akishakuja, mkune penye mkia na mabegani, mwinue mguu mmoja kisha uurudishe chini, mvalishe kamba ya kichwa kwa muda mfupi, uache akiwa bado ametulia. Usimpe chakula mkononi, atajifunza kuuma. Na akue na farasi wenzake. Dume aliyelelewa na watu peke yao, akikomaa anamsukuma mtu kama anavyomsukuma farasi, na wewe una mtoto wa miaka minne.

Jike mkali usimpandishe, hata awe mzuri namna gani.

MamaTatu_Njoro
Shikamoo mzee, na asante sana. Umenigusa, maana mmoja anauma kila ukimkaza mshipi wa tandiko, na ndiye niliyetaka kuanza naye kwa sababu ya umbo. Swali lingine: wanaweza kula na kuogeshwa pamoja na ng'ombe?

DaktariMifugo_Kisumu
Dada, hapana kwa yote mawili. Dawa ya kupe yenye amitraz, ambayo wengi huogeshea ng'ombe, husimamisha matumbo ya farasi na inaweza kumuua. Soma kibandiko kila mara. Chakula cha ng'ombe au cha kuku kilichotiwa dawa iitwayo monensin huharibu moyo wa farasi, hata kiasi kidogo ni hatari. Nepia na nyasi za kikuyu zisiwe ndizo chakula chake kikuu, zina oksaleti inayofunga kalisi na mifupa ya uso huvimba. Mpe nyasi za Boma Rhodes, na lusani kidogo.

Muhimu zaidi ni ugonjwa wa farasi wa Afrika. Huenezwa na visubi, na pundamilia hubeba virusi bila kuonyesha ugonjwa. Huko Nakuru mnao. Chanja kabla ya mvua, mwambie daktari wako kama jike ana mimba kabla hajamchoma, na waingie bandani jua likianza kushuka hadi kukuche vizuri.

Huyo anayeuma akikazwa mshipi, mpime kwanza. Farasi waliotoka kwenye mbio wengi wana vidonda vya tumbo. Huenda si mkali, anaumwa.

Saisi_Gilgil
Marahaba mama. Daktari amenena, mtibu kwanza ndipo umhukumu. Huyo mwingine ana miaka mingapi?

MamaTatu_Njoro
Ana miaka tisa, na baba humwachia wajukuu wamchane mkia. Nimempigia mwenye dume. Amekubali kutoa nywele, ila gharama ya maabara niibebe mimi.

Saisi_Gilgil
Ibebe. Na nywele za huyo wa miaka tisa zitume pamoja, bahasha ni ileile.