Nani hasa mwenye mamlaka ya kutekeleza masharti ya umoja wa wamiliki wa nyumba hapa Houston?

Mkazi wa Alief:
Ndugu zangu, ninaomba ufafanuzi. Nyumba niliyonunua iko katika mtaa ambao kila mwenye nyumba ni mwanachama wa umoja kwa lazima. Jirani mmoja, ambaye si mjumbe wa bodi, hupita asubuhi akilipiga picha gari langu la kazi lenye ngazi juu, kisha hunitishia kwamba nitatozwa faini. Sasa nimepokea barua ya kawaida kutoka kampuni inayosimamia mtaa, ikinitaka nilipe dola 100. Je, kati ya hawa, na jiji lenyewe, nani ana mamlaka juu yangu?

Karani Mstaafu:
Jirani hawezi kukutoza hata senti moja. Hata hivyo usimpuuze, kwa kuwa masharti yaliyosajiliwa kaunti ni mkataba unaowafunga wamiliki wote, na mwenye kiwanja katika mtaa huohuo anaweza kwenda mahakamani kwa jina lake mwenyewe kudai yafuatwe. Faini ni uamuzi wa bodi. Kampuni ni wakala tu, ingawa barua zake huandikwa kana kwamba ndiyo serikali.

Bodi nayo ina mipaka. Sura ya 209 ya Sheria ya Mali ya Texas inaitaka, kabla ya kutoza faini, ikutumie barua ya rejista inayoeleza kosa, ikupe muda wa kutosha wa kulirekebisha, isipokuwa kama ulikwisha kuonywa kwa kosa la namna hiyo ndani ya miezi 6 iliyotangulia, na ikujulishe kwamba una siku 30 tangu barua ilipotumwa za kuomba kusikilizwa. Omba kusikilizwa sasa hivi, kwa maandishi, na uwaombe pia sera yao ya faini, ambayo tangu mwaka 2024 wanapaswa kuwa nayo.

Mama Neema:
Kuhusu jiji: Houston haina sheria ya kugawa maeneo kwa matumizi, hivyo mwanasheria wa jiji anaruhusiwa kushtaki baadhi ya ukiukaji wa masharti haya, kwa mfano nyumba ya kuishi inapogeuzwa mahali pa biashara. Faini za umoja si kazi yake.

Mkazi wa Alief:
Nikikataa kulipa, wanaweza kuiuza nyumba?

Karani Mstaafu:
Kwa deni la faini peke yake, pamoja na gharama za wakili zilizotokana nayo, hapana. Kwa ada za umoja zisizolipwa, ndiyo. Kwa hiyo ada uendelee kuzilipa wakati unapinga faini.