Nyumba za kale Dodoma: aliyelala ndani mnamjua, aliyeijenga hamumjui

Mbukwenyi wanajamvi.

Hili jambo limenikaa kooni muda mrefu, leo naona bora nilitoe. Atakayeona ni povu, basi ni povu, apite tu.

Mimi ni seremala hapa hapa Dodoma. Kuna ofisi moja, siitaji, wenyewe wakisoma watajijua, ilikuwa inakarabati nyumba ya zama za mkoloni, zile za kuta nene na baraza pana. Wakaniita kwenye milango na madirisha. Milango ya mninga, imepigwa jua tangu baba yangu hajazaliwa, na nilipoifungua sikukuta msumari hata mmoja kwenye fremu. Ulimi umeingia kwenye tundu lake, ukapigwa kigingi cha mti, basi. Kilichooza ni ubao wa chini tu, ule unaolowa kila masika. Ukiwa fundi ukiona kazi kama ile unabaki umeshika kiuno. Aliyeifanya hakuwa na mashine wala umeme. Alikuwa na msumeno, randa, patasi na jicho lake.

Siku ya uzinduzi nimefika getini na vijana wangu, mlinzi anauliza kadi. Kadi gani? "Wageni waalikwa tu, mzee." Tukasikiliza hotuba kwenye spika tukiwa barabarani. Akatajwa ofisa wa Kijerumani, akatajwa bwana DC wa Kiingereza aliyeishi humo, akatajwa mfadhili, mshauri, mkandarasi. Wakashukuriwa mpaka wapambaji wa mahema na MC. Fundi hakutajwa, si wa zamani si wa sasa. Na ukutani wamebandika kibao: nyumba hii ilijengwa na Wajerumani.

Jamani. Maofisa wa Kijerumani Ugogo nzima walikuwa wa kuhesabika. Hao ndio waliopasua mawe, wakachoma chokaa, wakachota maji kwenye nchi hii ya kiangazi, wakapandisha boriti mabegani?

Tuje kwenye reli, maana mji huu ni mtoto wa reli. Kabla ya hapo wakubwa walikaa Mpwapwa na Kilimatinde. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, Morogoro ikafika 1907, Dodoma kwenye 1910, Kigoma 1914. Mkandarasi anafahamika, Philipp Holzmann wa Frankfurt, na kila anayeandika historia ya mji anamweka. Haya, nitajieni mtu mmoja tu aliyebeba taruma la reli au kupanga mawe ya stesheni. Nasubiri.

Na hawa watu hawakuja kwa mapenzi yao wote. Mwaka 1898 ilianza kodi ya nyumba, inahesabiwa kwa rupia. Mgogo ana ng'ombe na mtama, rupia ataitoa wapi? Asiye nayo anapelekwa kwenye kazi za serikali. Yaani umejenga nyumba yako kwa mikono yako, unatozwa kwa sababu umeijenga, ukikosa unaenda kumjengea nyumba huyo huyo anayekutoza! Halafu miaka zaidi ya mia baadaye mjukuu wako anasomewa kibao kwamba nyumba hiyo walijenga Wajerumani.

Nisiwasemee waashi wa Kigogo peke yao. Kulikuwa na Wanyamwezi waliokuja na reli, kulikuwa na mafundi wa Kihindi, hasa makalasinga, ambao useremala wao wazee wengi mjini wanaukumbuka. Nao vile vile. Mwenye duka ana jina, aliyechonga mlango wa duka hana.

Sasa mtaniambia, "Sawa, lakini hizo ni za wakoloni, tuenzi zetu." Zipi? Tembe? Tembe ndiyo nyumba ya kale ya nchi hii, na mmeiacha inaisha huku mnaiangalia. Watu wanaitaja kama alama ya umaskini, lakini nendeni mkakae ndani yake saa nane mchana mwezi wa kumi, kisha mrudi kwenye hizo nyumba zenu za bati mlizolipia kwa mkopo. Nguzo zinachimbiwa, juu zinalazwa boriti, juu ya boriti fito, juu ya fito majani na magome, halafu udongo unashindiliwa. Nyumba inazunguka ua pande zote, ng'ombe wanalala katikati. Paa ni bapa kwa sababu mvua yetu ni ya msimu mmoja na ni haba, huhitaji mwinuko wa nyumba ya Bukoba. Kuchagua mti usioliwa na mchwa, kujua paa libebe udongo kiasi gani lisikuangukie usiku, huo ni uinjinia. Kuta zilikandikwa na wanawake, maji na udongo vilipanda juu ya vichwa vyao, na majirani walioitwa kusaidia malipo yao ilikuwa pombe ya mtama. Hakuna aliyeandikwa hata mmoja. Ikaja Operesheni Dodoma mwaka 1971, watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa na tembe nyingi zikabaki magofu. Mwenye ujuzi akafa nao.

Sheria nayo haitusaidii. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Baada ya hapo mpaka waziri atangaze. Piga hesabu mwenyewe: stesheni imefika 1910, kwa hiyo Dodoma mjini hakuna jengo linalolindwa kwa umri wake tu. Tajiri akitaka kuvunja nyumba ya chokaa aweke maghorofa ya vioo, asubuhi moja inamtosha.

Samani ndiyo usiseme. Viti na makabati ya mninga kutoka ofisi za zamani yanauzwa mnadani kama vifaa chakavu. Mjanja ananunua, anapiga msasa, anapaka vanishi, anapeleka Dar es Salaam anauza "antiki za kikoloni". Nimekarabati nyingi tu za namna hiyo. Ukipindua kiti utakuta alama za penseli za fundi, mistari ya vipimo, mara nyingine herufi mbili. Na samani nyingi za serikali zilitoka karakana za Magereza. Mfungwa ndiye aliyechonga kiti alichokalia hakimu. Hiyo kwenye tangazo la mauzo hawaandiki.

Msidhani yameisha na ukoloni. Mnaijua habari ya Mwalimu akifyatua matofali Chamwino na wanakijiji miaka ya mwanzo ya 1970. Wanakijiji hao ni kina nani? Wengine huenda wako hai mpaka leo, wanakaa mwendo mfupi kutoka Ikulu. Mji wa Serikali Mtumba umezinduliwa Aprili 2019, vibao viko vizuri, marumaru inang'aa. Jiwe la msingi linaandikwa jina la aliyeshika mwiko dakika moja kwa ajili ya kamera. Aliyeushika mwaka mzima, na saidia fundi aliyempandishia karai, na mama aliyegonga kokoto juani, watabaki kuitwa "nguvu kazi".

Ombi langu si sanamu. Kila nyumba ya zamani inayokarabatiwa kwa fedha ya umma, watafutwe wazee wa jirani waulizwe ni nani walijenga, waandikwe kwenye hicho hicho kibao. Na zinazojengwa sasa ni rahisi zaidi, karatasi za malipo ya vibarua si zipo? Majina yote yamo.

NYONGEZA: Kuna mkuu hapo chini ameandika "walilipwa, wanataka nini tena?" Mkuu, injinia naye alilipwa. Mbunifu alilipwa, na mara mia zaidi. Mbona wao majina yapo?

NYONGEZA 2: Walioniambia nianze mimi kumtaja babu yangu, mwashi, nimewaomba wajomba ruhusa, wakikubali namweka hapa. Nanyi wekeni: jina, kazi yake, nyumba ipo mtaa gani, mwaka hata wa kukadiria. Wa Kondoa, Mpwapwa, Kongwa na Manyoni msikae kimya. Mods naomba uzi huu msiuhamishie jukwaa la utani.