Nyota haikuzimika hata kidogo: nitume rekodi au niache?

Kimondo77
Wakuu, naomba ushauri. Usiku wa kuamkia jana nilikesha nikisubiri jiwe moja la ukanda wa Kuiper (mawe ya barafu yanayozunguka Jua mbali kupita sayari ya Neptune) lipite mbele ya nyota. Utabiri ulisema nyota ingezimika saa 8:14 usiku, kwa sekunde 5 hivi, na nilipokuwa ni karibu na ukingo wa njia ya kivuli. Darubini yangu ni ya kioo cha sentimita 20, kamera inapiga picha 4 kwa sekunde. Ilipofika 8:14 nikabana pumzi, macho kwenye skrini. Nyota ikaendelea kuwaka vilevile. Nimerekodi dakika 20 nzima na sijaona kitu. Nimeumia, maana usiku huu nimeungoja miezi. Nitume kwa wanaokusanya vipimo, au nitawajazia tu faili tupu?

Mgeni_wa_Anga
Pole sana mkuu. Naomba nami niulize: nyota ni kubwa mno, kajiwe kanaifichaje?

Mlinzi wa Usiku
Kimondo, tuma, tena leo. "Haikuzimika" ni kipimo kamili. Kila mtazamaji anachora mstari mmoja juu ya jiwe: muda ambao nyota imezimika kwake ndio urefu wa mstari. Kama kuna mwenzio kusini kwako aliyeona nyota ikizimika sekunde 4, basi wewe ndiye unayemwonyesha jiwe linaishia wapi. Usipotuma, upande huo unabaki wa kukisia.

Tarehe 3 Juni 2017 timu zilitawanywa Argentina na Afrika Kusini kuwinda kivuli cha Arrokoth, jiwe jingine la ukanda huo wa Kuiper, wakati huo likiitwa 2014 MU69. Hakuna darubini hata moja iliyoona nyota ikizimika. Ukimya huo ndio uliowafanya watafiti washuku kwamba jiwe ni dogo kuliko walivyodhani. Tarehe 17 Julai wakajipanga upya Patagonia, kusini mwa Argentina, darubini 5 zikalinasa, na mistari yake ikaonyesha kitu kirefu, labda vipande viwili vilivyogusana. Chombo cha anga cha New Horizons kilipopita hapo tarehe 1 Januari 2019, picha zikaonyesha hivyo hivyo.

Mgeni, nyota iko mbali kiasi kwamba miale yake inatufikia ikiwa sambamba. Kwa hiyo kivuli cha jiwe la kilomita 100 kinaanguka duniani kikiwa na upana wa kilomita 100 hivi, nacho kinakimbia kilomita 20 na zaidi kwa sekunde. Aliye nje ya ukanda huo haoni kitu.

Kimondo, jambo moja tena: usiishie kwenye 8:14. Kaa na rekodi yote, picha kwa picha. Pete za Uranus zilipatikana 10 Machi 1977 kwa sababu nyota ilififia mara kadhaa kabla na baada ya sayari kuifunika. Chariklo, jiwe lenye upana wa kilomita 250 tu, lilitushangaza vivyo hivyo tarehe 3 Juni 2013: mififio mifupi pande zote mbili, kumbe lina pete mbili. Ukiona mfifio, kabla ya kushangilia, pima nyota ya jirani katika picha hizo hizo.

Saa_Sahihi
Na saa ya kompyuta uliilinganisha na nini? Nusu sekunde ya kosa ni zaidi ya kilomita 10 kwenye jiwe. Andika ulivyofanya.

Kimondo77
Asanteni sana. Nimekaa na picha tangu asubuhi, zote 4,800. Saa niliilinganisha kwa intaneti kabla na baada, ilikuwa imeteleza sekunde 0.3, nimeiandika.

Saa 8:11 kuna picha 3 mfululizo ambazo nyota imeshuka karibu theluthi moja. Moyo ulinienda mbio, nikasimama kabisa kitini. Kisha nikapima nyota mbili za jirani kama alivyosema Mlinzi: nazo zimeshuka, picha zile zile, kiasi kile kile. Ni wingu jembamba.

Nimetuma faili zima. Kwenye maelezo nimeandika "haikuzimika", na chini yake dakika ya wingu na namba za picha zile 3.

Mlinzi wa Usiku
Hapo sawa. Wakitoa ramani ya mistari, iweke hapa tuone wako umepita wapi.